Patrick Sercu alikuwa mfalme wa wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali mwaka 2025 nimekuwa nikiwafuatilia Wabelgiji, na huko ndiko nilikokutana na jina la Patrick Sercu. Kuna wanaomwita mfalme, lakini kwenye orodha ya washindi wa Tour de France simwoni, na kwenye ile ya Giro, mbio ndefu za Italia, simwoni. Kinachotajwa ni kushinda "Siku Sita" mara 88, kitu ambacho sikijui, na dhahabu ya Olimpiki ya kilomita moja. Halafu naambiwa mwaka 1974 alimwacha Eddy Merckx, yule bingwa mkubwa wa barabara, kwenye jezi ya kijani ya Tour. Mtu wa kilomita moja anafanyaje hivyo? Nauliza pia kwa faida yangu: naendesha, nina miaka 19, na kocha ananiambia nichague mapema, mbio fupi au ndefu. (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umemtafuta Sercu kwenye daftari ambalo si lake, ndiyo maana hukumkuta. Wengi wetu huku tumeingia kwenye mchezo huu kwa mlango wa barabara: Tour de France kwenye televisheni, Tour du Rwanda, na sasa Kigali. Basi kila mwendeshaji tunayesikia jina lake tunampima kwa milima na kwa jezi ya njano. Sercu alikuwa mtu wa uwanjani, tena uwanja wa ndani, njia ya mbao chini ya taa za umeme na moshi wa sigara, katikati ya Novemba wakati nje baridi inauma. Barabara ilikuwa kazi yake ya kiangazi. Aliifanya vizuri kuliko wengi walioitegemea kuishi, lakini ugali wake ulikuwa kwenye mbao.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Roeselare, Flanders Magharibi, sehemu ambayo kijana asipopenda baiskeli watu huuliza kulikoni. Baba yake, Albert Sercu, alikuwa mwendeshaji wa kulipwa, na mwaka 1947 alimaliza wa pili kwenye mashindano ya dunia ya barabara kule Reims, Ufaransa, nyuma ya Mholanzi Theo Middelkamp. Mwaka 1963, akiwa na miaka 19, Patrick akawa bingwa wa dunia wa sprinti, yaani mbio fupi za kasi, kwa waendeshaji wa ridhaa, tena nyumbani Ubelgiji, kwenye uwanja wa Rocourt karibu na Liège. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Tokyo.

Mbio za kilomita moja dhidi ya saa ni ukatili mtupu. Baiskeli ya uwanjani haina breki wala gia za kubadilisha. Ina gia moja iliyokazwa kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedeli nazo zinazunguka, na huwezi kuacha kukanyaga hata kwa sekunde moja. Unaanza ukiwa umesimama, mtu amekushikia tandiko. Gia ni nzito, maana imechaguliwa kwa ajili ya mwendo wa katikati na si wa mwanzo, hivyo mita za kwanza unaing'oa baiskeli kwa mikono na mgongo kuliko kwa miguu. Ukishachanganya, kwa muda mfupi inakuwa tamu. Halafu mita 250 za mwisho mapaja yanajaa moto na kuanzia hapo unaendesha kwa ubishi tu. Hakuna mtu mbele wa kukukinga upepo, na hakuna nafasi ya pili. Kwenye uwanja wa Hachioji, Sercu alitumia dakika 1 na sekunde 9.59, nusu sekunde mbele ya Mwitaliano Giovanni Pettenella. Ukipiga hesabu huo ni wastani wa karibu kilomita 52 kwa saa, na mwanzo wa kusimama umo ndani yake.

Kwenye Olimpiki hiyohiyo kulikuwa na Mbelgiji mwingine kijana, mdogo kwake kwa mwaka mmoja kasoro siku chache, aliyemaliza wa 12 kwenye mbio za barabara. Jina lake Eddy Merckx. Nitamrudia.

Kipaji cha pili cha Sercu kilikuwa sprinti ya watu wawili, na hii lazima uione hata kwenye video ndipo utaamini. Wanaanza wawili, mizunguko michache tu, na mizunguko ya mwanzo wanatembea kama wanaokwenda msibani. Kisha mmoja anasimama kabisa. Anasimama juu ya baiskeli, gurudumu la mbele amelipinda kuelekea juu ya mteremko wa uwanja, anabonyeza pedeli kidogo mbele, anairudisha kidogo nyuma, hatembei. Anamngoja mwenzake apite. Sababu ni upepo: anayetangulia anakata upepo kwa ajili ya wote wawili, na aliye nyuma anachomoka dakika ya mwisho akiwa na nguvu aliyoiweka akiba. Kwa hiyo kila mmoja anataka kuwa wa pili mpaka mita 200 za mwisho, kisha anataka kuwa wa kwanza. Hapo miguu peke yake haikusaidii. Unahitaji macho, utulivu na ujanja wa mchezaji wa bao. Sercu aliutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu kwa waendeshaji wa kulipwa mara mbili, mwaka 1967 Amsterdam na mwaka 1969 Antwerp.

Sasa Siku Sita, maana bila kuzielewa hutamwelewa.

Zilianza London mwaka 1878, zikapata umaarufu New York miaka ya 1890. Mwanzoni mtu mmoja alizunguka uwanjani usiku na mchana kwa siku sita mfululizo. Kwa nini sita? Kwa sababu ya saba ilikuwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa ya ibada. Watu walizunguka mpaka wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Ikabidi sheria iingilie kati, ikakataza mtu kuendesha zaidi ya saa 12 kwa siku. Waandaaji, kwa kuwa biashara haikosi mlango, wakaweka watu wawili wawili: mmoja akipumzika, mwenzake yuko uwanjani. Ukumbi wa Madison Square Garden ukaupa mtindo huo jina, madisoni, nao ndio moyo wa Siku Sita mpaka leo.

Enzi za Sercu mbio hizi zilikuwa zimehamia Ulaya. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, msafara wa waendeshaji ulihama ukumbi hadi ukumbi: Berlin, Dortmund, Bremen, Münster, Antwerp, Ghent, Rotterdam, Zürich, Milano, Copenhagen, London. Kila usiku ulikuwa na ratiba kamili: sprinti, mbio za kumtoa wa mwisho kila baada ya mizunguko kadhaa, mzunguko mmoja dhidi ya saa, mbio za nyuma ya derni (kipikipiki kinachotangulia kukata upepo), na juu ya yote ile madisoni yenyewe. Mshindi wa jumla ni jozi iliyowazidi wengine mizunguko baada ya usiku wa sita; wakilingana mizunguko, pointi zinaamua.

Nikupeleke karibu kidogo. Uwanja wa Ghent, unaoitwa Kuipke, una urefu wa mita 166 tu kwa mzunguko. Kona zake zimeinuka kama kuta za bakuli. Ukizipita polepole unateleza. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mzunguko mmoja unakwisha kwa sekunde 12. Sasa weka humo jozi zaidi ya kumi. Katika kila jozi mmoja yuko chini kwenye mstari akikimbia, mwingine yuko juu ukingoni anazunguka taratibu akivuta pumzi. Baada ya mzunguko mmoja na nusu au miwili anayepumzika anashuka, anaangalia nyuma ya bega, ananyoosha mkono. Mwenzake anafika kwa kasi yote, wanashikana viganja, na anayemaliza zamu anamrusha mwenzake mbele kama anayetupa mkuki, kwa kasi ileile aliyokuja nayo. Yeye mwenyewe anapungua, anapanda juu, anapumua. Zamani walitumia pia njia nyingine: ndani ya bukta, kwenye nyonga, mwendeshaji alishonewa kipande kigumu cha kushikwa, na mwenzake alikikamata hicho na kumsukuma. Yote haya yanafanyika kwa mkono mmoja kwenye usukani, baiskeli haina breki, jozi nyingine zinafanya vilevile mbele yako na nyuma yako, na mtu wa juu akikosea kushuka kwa nusu mita anaangusha watano.

Mchezo huu unaua. Mwaka 1969, kwenye uwanja wa Blois nchini Ufaransa, dereva wa derni aliyekuwa akimvuta Merckx, Fernand Wambst, alikufa papo hapo, na Merckx akaumia mgongo na nyonga. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba tangu siku ile kupanda milima hakukuwa kama zamani. Mwaka 2006 Mhispania Isaac Gálvez, bingwa wa dunia wa madisoni, alifia kwenye Siku Sita za Ghent.

Halafu kuna maisha ya pembeni ya uwanja. Kila jozi ilikuwa na kibanda chake kidogo kando ya mbao: kitanda chembamba, taulo, chupa, ndoo, na mhudumu wa kukanda misuli, kuandaa chakula na kufua jezi kati ya mbio moja na nyingine. Katikati ya uwanja, pale ambapo kwenye mpira kungekuwa na nyasi, kulikuwa na meza, bia, soseji na muziki. Matajiri walikula chakula cha jioni huku waendeshaji wakiwazunguka. Watu wa kawaida walijazana juu kwenye viti vya bei nafuu, wakipiga kelele mpaka usiku wa manane. Nusu ni michezo, nusu ni tamasha, na wala hakuna aliyeficha hilo.

Ndani ya mazingira hayo Sercu alianza Siku Sita 223 na kushinda 88. Zidisha 223 kwa sita, unapata usiku 1,338. Hata ukitoa zile alizojitoa njiani kwa kuanguka au kuugua, ni zaidi ya miaka mitatu ya maisha ya mtu, usiku tu, akizunguka ndani ya ukumbi. Anayemfuatia ni Mwaustralia Danny Clark mwenye 74, kisha Waholanzi René Pijnen, 72, na Peter Post, 65. Ghent peke yake, ambako ni kama nyumbani kwake, Sercu alishinda mara 11.

Hapa nitakuwa mkweli kwako, maana mashabiki wake huwa hawapendi kulisema. Ushindi mmoja wa Siku Sita haulingani na ushindi mmoja wa Paris–Roubaix, mbio kubwa ya barabara ya siku moja. Jozi zilipangwa na mwandaaji, na mwandaaji alitaka viti vijae. Alimpa nyota wake mwenzi mzuri, akamtafutia mshindani wa nyumbani wa kumtesa mpaka usiku wa mwisho, na wakongwe waliokuwa juu walikuwa na namna yao ya kuhakikisha mambo hayaishi Jumatano wakati tiketi za Jumapili hazijauzwa. Mgeni aliyekuja na kiherehere cha kuvunja mpango huo alifundishwa adabu haraka. Kwa hiyo ukisoma 88, usiisome kama mara 88 ambazo watu wote ukumbini walipigana kufa na kupona.

Lakini igeuze hoja hiyo upande wa pili. Nani alipewa nafasi ya kuwa nyota? Mwandaaji hamlipi mtu kwa huruma. Anamlipa anayeweza kushinda sprinti saa tano usiku, akarudi kibandani, akatoka tena saa saba akakimbia madisoni ya saa nzima, na kesho yake akarudia, miaka 18 mfululizo, kuanzia 1965 hadi alipostaafu mwaka 1983. Kwenye Siku Sita pasipo na miguu hakuna jina, na pasipo na jina hakuna mkataba. Ule upangaji wa jozi ulimsaidia kila nyota aliyekuwapo, Post, Pijnen, Clark na wengine wote. Na bado Sercu aliwazidi kwa mbali. Kwangu mimi hiyo inatosha.

Na fedha ndizo zinazoeleza maisha yake yote. Mwendeshaji wa barabara wa miaka ile alilipwa mshahara na timu, na kwa wengi ulikuwa mdogo. Tegemeo lao lilikuwa mbio ndogo za mitaani baada ya Tour, ambako walilipwa kwa kufika tu. Mtu wa Siku Sita alilipwa na mwandaaji, mkataba kwa mkataba, na jina lililojaza ukumbi lilijipangia bei. Wewe ukiwa na miguu ya Sercu, ungekwenda kuteseka kwenye Milima ya Pyrenees ili umalize wa 60, au ungekwenda Berlin kushinda? Rik Van Steenbergen, bingwa wa dunia wa barabara mara tatu, alishaonyesha njia hiyo kabla yake: alikuwa na Siku Sita 40.

Tumrudie Merckx. Mwaka 1965 wote wawili walianza kulipwa wakiwa timu moja, Solo-Superia, na mwaka huohuo wakashinda pamoja Siku Sita za Ghent. Wakazishinda tena mwaka 1975 na mwaka 1977. Merckx alishinda Siku Sita 17 maishani mwake, na 15 kati ya hizo mwenzi wake alikuwa Sercu. Fikiria maana yake: mwendeshaji mkubwa kuliko wote wa barabarani, akiingia ukumbini, anamtafuta Sercu amshike mkono. Barabarani Merckx alikuwa bosi wa kila mtu. Ndani ya Kuipke ilikuwa jozi ya watu sawa, na kwenye sprinti Merckx alijua nani amwachie kazi.

Sasa ile jezi ya kijani. Mwaka 1973 Sercu alijiunga na Brooklyn, timu ya Kiitalia iliyodhaminiwa na kampuni ya bazoka na iliyovaa jezi za mistari na nyota kama bendera ya Marekani. Kiongozi wao alikuwa Roger De Vlaeminck, na Sercu alikuwa mtu wao wa sprinti. Kwa kuwa timu ilikuwa ya Italia, Giro ndiyo ilikuwa duka lake: jumla alishinda hatua 13 za Giro (hatua ni mbio za siku moja ndani ya mbio ndefu), idadi ambayo mtu wa barabarani tupu angeitundika sebuleni na kustarehe.

Jezi ya kijani ya Tour haiangalii muda. Inahesabu pointi za nafasi za kila siku kwenye mstari wa mwisho, pamoja na sprinti za njiani. Mwaka 1974 Merckx alikuwa katika hali ya kutisha: alishinda hatua 8 na akatwaa Tour yake ya tano. Sercu alishinda hatua 3. Lakini siku ambazo hakushinda alikuwa wa pili, wa tatu, wa tano, na kwenye sprinti za njiani alikuwa anaokota pointi mbili hapa, tatu pale. Huo ndio ufundi wa Siku Sita hasa: programu ya kila usiku ina mbio nyingi ndogo, na anayeshinda mwisho ni yule asiyekosa chochote katikati. Sercu aliihamishia barabarani hesabu aliyokuwa akiipiga kila majira ya baridi. Merckx alimaliza wa pili kwa pointi.

Kuna sehemu ngumu ambayo watu huisahau. Pointi zako hazina maana kama hujafika Paris. Sercu, mwili wa mtu wa kilomita moja, mapaja manene, ilibidi aivuke Alps na Pyrenees ndani ya muda wa ukomo, maana kila siku anayechelewa kupita asilimia fulani ya muda wa mshindi anafukuzwa. Hapo ndipo mtu wa sprinti anapopata mateso yake halisi, nyuma kabisa, kamera hazipo, akihesabu dakika. Alivuka. Na Tour ya mwaka ule ilimalizikia ndani ya uwanja wa baiskeli, Cipale pale Vincennes, pembeni mwa Paris. Sijui kama wapangaji wa njia walimfikiria, lakini asingepata mahali pazuri zaidi pa kuingia na kijani mgongoni.

Mwaka 1977 alirudi Tour akiwa na timu ya Fiat, pamoja na Merckx ambaye hiyo ilikuwa Tour yake ya mwisho, akashinda hatua nyingine 3. Moja aliishinda kwa namna iliyowashangaza wengi: alichomoka mapema, akakimbia peke yake mbele ya kundi kwa masafa marefu mpaka Charleroi. Mtu wa sprinti anayetoroka peke yake! Ila ukikumbuka kwamba mtu huyo alikuwa bingwa wa kilomita moja, ambayo ni mbio za upweke kuliko zote, na kwamba amekimbia madisoni zisizohesabika, mshangao unapungua.

Basi kwa nini hakushinda mbio kubwa za siku moja? Katika zile tano kubwa, Milano–Sanremo, Flanders, Roubaix, Liège na Lombardia, hana hata moja. Maelezo yangu ni kalenda. Wenzake walipopumzika Desemba na Januari wakijenga mwili kwa safari ndefu za taratibu, yeye alikuwa anapigwa na mwendo mkali usiku kwa usiku, analala mchana, anahama mji kila wiki. Machi inapofika, mbio za kilomita 250 zinapoanza, mwili wake ulikuwa na kasi ya kutosha na akiba haba. Merckx alifanya yote mawili na kushinda kote, ndiyo. Lakini ukimtumia Merckx kama kipimo hakuna binadamu atakayefaulu.

Alipostaafu hakwenda mbali. Alikuwa mkurugenzi wa mbio za Siku Sita za Ghent kwa miaka mingi, akizilea wakati kumbi nyingi za Ulaya zilikuwa zinafunga milango. Alifariki Roeselare tarehe 19 Aprili 2019, akiwa na miaka 74.

Njia yake haijafungwa. Iljo Keisse, mtoto wa Ghent aliyeshinda Siku Sita za nyumbani mara 7, mwaka 2015 alishinda hatua ya mwisho ya Giro pale Milano. Mwingereza Mark Cavendish, mwenye hatua 35 za Tour de France, amewahi kuwa bingwa wa dunia wa madisoni. Na Lotte Kopecky, Agosti 2023 kule Glasgow, alishinda dhahabu mbili za uwanjani na siku chache baadaye akatwaa ubingwa wa dunia wa barabara, vyote kwenye mashindano yaleyale. Huyo mfuatilie, anaendesha sasa hivi.

Kuhusu kocha wako. Ana hoja, maana kilomita moja na hatua ya milimani ni kazi mbili zinazovuta mwili pande mbili, na Sercu mwenyewe hakuwahi kuwa mtu wa milima. Lakini kwa miaka 19 mimi nisingekuchagulia bado, hasa kwa kuwa hapo Bukoba huna uwanja wa mbao wa kujipima. Kuna vitu viwili vya uwanjani unavyoweza kuvifanya barabarani bila kifaa chochote. Cha kwanza, mara moja kwa wiki weka gia nyepesi kwenye barabara tambarare, ukanyage haraka kadiri unavyoweza bila kurukaruka kwenye tandiko, dakika moja kali na dakika mbili taratibu, mara nane au kumi. Wiki za mwanzo matako yatadundadunda. Yakitulia ujue miguu imeanza kujifunza. Cha pili, tafuta wenzako wanne na barabara isiyo na malori, mfanye mazoezi ya kufuatana gurudumu kwa gurudumu na kupokezana mbele kila baada ya sekunde 20, bila kugusa breki. Ukihisi unamkaribia wa mbele, inua kifua upepo ukupunguze, au sogea pembeni kidogo. Vaa kofia ngumu.

Fanya hivyo msimu mmoja, uandike matokeo yako: unamaliza wa ngapi kundi likifika pamoja, na unaachwa kwa dakika ngapi mkipanda ule mlima wa kutoka ziwani. Mpelekee kocha hayo maandishi, ndipo mzungumze habari ya kuchagua.